Mlango wa Bi Havijawa

Nchi yetu haina mwanamke maskini. Naomba niliseme hili mapema, maana wageni wakipita huku kwetu huona akina mama wamejitwika kuni, wakakimbilia kupiga picha. Wale si maskini. Wale wako kwenye foleni ya kuinuliwa. Jina la nchi silitaji kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na mwenye kutoa kibali yuko semina.

Mimi ni dereva wa Wizara ya Kuwainua Akina Mama. Namwendesha Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Bakinga Solelo, aliyetunukiwa udaktari na chuo alichokizindua, siku hiyohiyo aliyokizindua, kabla hakijapata mwanafunzi. Dereva wa serikali anatakiwa kutazama mbele na asisikie ya nyuma. Lakini masikio hayana kifuniko, na barabara zetu ni mbovu, samahani, barabara zetu ziko kwenye mpango, kwa hiyo gari huenda polepole na maneno ya kiti cha nyuma hunifikia yote. Kisa hiki nimekishuhudia. Pale ambapo sikuwepo nimesimuliwa na Bi Mwasiti, ambaye hakuwa na haraka ya kumaliza kusimulia, kwa kuwa hana mtu mwingine wa kuzungumza naye.

*

Huko kata ya Kidulu palikuwa na akina mama watano waliokuwa wakipika kwenye shughuli. Harusi wao, arobaini wao, mtoto akitolewa nje wao. Walikuwa na sufuria moja kubwa ya pilau, yenye vishikio viwili, ambayo ikijaa haibebwi na mtu mmoja. Kishikio hiki alishika Bi Mwasiti, kile alishika Bi Havijawa, na walikuwa wamefanya hivyo tangu wakiwa wasichana, hata hawakuhesabu moja mbili ndipo wanyanyue. Walitazamana tu, sufuria ikapanda.

Kikundi kilikuwa na sheria moja. Aliyechelewa anaosha vyombo, huku wenzake wamekaa mkekani wanamsema. Fedha waliweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Mmoja akiuguliwa, kopo lilikwenda kwake, na lilirudi siku liliporudi. Hakuna aliyeuliza. Nakubali kwamba huo ulikuwa ujinga, na nitaeleza jinsi Wizara ilivyowasaidia kuondokana nao.

Bi Mwasiti na Bi Havijawa walitazamana nyumba, uani kwa uani, wote wajane. Mlango wa Bi Havijawa ulitengenezwa na marehemu mumewe, fundi mzuri wa mbao lakini wa bawaba hapana, kwa hiyo ulipofunguliwa ulilia kama mbuzi aliyeachwa na wenzake. Kila alfajiri Bi Mwasiti aliusikia akiwa bado kitandani, akajua mwenzake kaamka mzima. Naye akafungua wa kwake, ambao ulikuwa na sauti nzito zaidi. Siku mlango wa Bi Mwasiti ulipochelewa kujibu, Bi Havijawa alivuka ua kuja kuuliza, "Shoga, kifua kimekubana tena?" Walikuwa hawana salamu nyingine ya asubuhi, na hawakuhitaji.

*

Habari za kopo zilimfikia Mheshimiwa tukiwa safarini. Aliniamuru nisimamishe gari ili ashtuke vizuri.

"Akina mama wanaweka akiba bila afisa?" alisema. "Hii ni hatari. Leo wanasaidiana, kesho watafanya nini?"

Ndipo ukaanzishwa Mfuko wa Inuka Mama. Kila kata ikapelekewa Afisa Mwinuaji. Kidulu walipata kijana mmoja mwenye suti na begi, Bwana Tenga, mtu mpole sana, ambaye hajawahi kupika hata chai. Aliwagawia fulana za manjano zenye maandishi NIMEINULIWA, kisha akawaeleza masharti ya mkopo wakiwa wamekaa mkekani.

"Kila mmoja wenu ni dhamana ya mwenzake," alisema. "Marejesho ni kila wiki. Kikao kikishafunguliwa hakifungwi mpaka wote wawe wamerejesha. Na kikao kikiwa wazi, hakuna kuzungumza na mwanachama mwenzako jambo lililo nje ya ajenda."

"Na mmoja akikwama?" aliuliza Bi Havijawa.

"Wenzake watakwenda kwake kutoa kitu."

"Kumpelekea kitu?"

"Kutoa, mama. Kutoa ndani, kukileta nje."

Akina mama walitazamana. Bi Mwasiti, ambaye alikuwa ameshachaguliwa mwenyekiti kwa sababu ya sauti yake, akasema, "Sasa mwanangu, kwa nini tuende sisi? Si uende wewe mwenye mkopo?"

Bwana Tenga alitabasamu. Swali hilo alikuwa amefundishwa jibu lake. "Nikienda mimi, huo utakuwa uonevu. Mkienda nyinyi mnaopendana, huo ni mshikamano."

Mimi niliyemleta nilikuwa nimeegemea gari, nikaona maneno yamepangika vizuri kabisa. Akina mama wakapiga makofi, maana kulikuwa na soda. Kopo la maziwa likachukuliwa na Bwana Tenga kwa ajili ya usalama.

*

Kwa mkopo ule walinunua turubai, viti vya plastiki na majiko. Shida ilikuja upande wa wananchi. Marejesho yalikuwa ya kila wiki, lakini watu wa Kidulu hawakutaka kuoana kila wiki. Mheshimiwa alitoa waraka kuwahimiza wachumba wasivute muda. Hata vifo vilisuasua mwaka ule, kwa sababu ya mvua nzuri na mboga kuwa nyingi. Palipotokea shughuli, akina mama waliikimbilia wakiwa na hofu, na mtu akipika pilau kwa hofu, hofu hiyo huonekana kwenye wali.

Hivyo ndivyo Bi Havijawa alivyoungua. Walikuwa wanaharakisha kuepua, mafuta yakamwagika mguuni mwake. Bi Mwasiti alimbeba mgongoni mpaka zahanati, yeye na kifua chake kile. Wakamfunga mguu, kisha kaka yake akaja kumchukua akauguzwe kwake, kijiji cha Mkalole, mpaka aweze kukanyaga.

Siku ya marejesho ikafika, Bi Havijawa hayupo. Kikao kikafunguliwa, kikashindwa kufungwa. Jua likapanda. Mtoto wa mwanachama mmoja akalia nyumba ya pili na mama yake haruhusiwi kunyanyuka. Harufu ya maharage yanayoungua ikafika mkekani, kila mmoja akajua ni ya jikoni kwake.

"Kikao hiki kinaweza kuendelea hata mwezi," alisema Bwana Tenga kwa upole. "Mimi nina mto wa kukalia."

Basi wakamtuma mwenyekiti. Nani mwingine aende? Yeye ndiye aliyejua ufunguo unafichwa wapi.

Bi Mwasiti aliniambia kwamba alisimama katikati ya nyumba ya rafiki yake kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Kulikuwa na kitanda, lakini mwenye mguu mbovu atalala wapi? Kulikuwa na cherehani, lakini hiyo ndiyo mkono wake wa pili. Kuku walikuwa na majina. Akageuka huku na huku, na alipogeuka kutoka, akauona mlango.

Akafurahi. Ndiyo, aliniambia hivyo mwenyewe, alifurahi. Alifikiri, nikitoa mlango, Havijawa akirudi hawezi kulala nyumba iliyo wazi, itabidi aje alale kwangu. Nitamwosha kidonda, nitampikia uji, tutaongea mpaka tuchoke. Akaenda kwake kuchukua nyundo na bisibisi ya marehemu mumewe, akang'oa bawaba moja moja bila kuharibu mbao, akajitwika mlango kichwani, akavuka nao ua huku anaimba kidogo. Watu wengine wangekosea kwa chuki au kwa uzembe. Yeye alikosea kwa hesabu nzuri ya mapenzi.

Hakuwa amefika mkekani Bi Havijawa alipotokea njiani, anachechemea, kaka yake kamshika mkono. Alikuwa amekuja kuomba aongezewe wiki moja ya kulipa. Aliona nyumba yake iko wazi kama kinywa. Kisha akauona mlango wake kichwani kwa Mwasiti, na Mwasiti akiimba.

Bi Mwasiti akafungua mdomo aeleze. Bwana Tenga akainua kidole.

"Kikao kiko wazi," alisema. "Ajenda ni marejesho."

Na Bi Mwasiti, mwanamke mwenye sauti ile yote, akafunga mdomo. Bi Havijawa alisimama kidogo. Akaingia ndani, akatoka na bunda la nguo na jogoo kwapani, akageuza mguu wake uliofungwa bandeji, akarudi alikotoka.

"Safi," alisema Bwana Tenga. "Sasa kikao kimeahirishwa. Kufungwa bado."

*

Baada ya hapo kikundi kiliimarika. Wanachama walianza kujuana kwa undani zaidi. Mmoja akimtembelea mwenzake, mwenye nyumba aliwahi kuficha redio chini ya kitanda na kukalia kiti chake kizuri asiondoke juu yake. Mgeni naye alikaa akitazama kabati, kwa mazoea tu. Mmoja akahamia kwa mwanawe mjini. Wa pili alirudiana na mume ambaye alikuwa hamtaki. Wa tatu bado yuko Kidulu, lakini akimwona Bi Mwasiti, yeye huvuka upande wa pili wa barabara, hata kama upande huo kuna mtaro. Wizara imewaandika wote watatu kwamba wamehitimu.

Akabaki Bi Mwasiti, na mlango, ambao kikao kilimkabidhi yeye mwenyekiti autunze, umeegemea ukuta wa chumbani kwake.

Alitaka kuurudisha. Hakutaka kitu kingine chochote duniani, na nasema hivi nikiwa nimemsikia akisema. Lakini kitu kilichotolewa na kikao hurudishwa na kikao, tena mkopo ukiwa umekwisha, na wanachama wawe wamehudhuria. Kwenda Mkalole mikono mitupu hakuweza. "Ningemwambia nini?" aliniuliza. "Nimekuletea mdomo?"

Bwana Tenga alimhurumia. Pia kikundi kingekufa, yeye angehamishiwa bonde la mbu. Kwa hiyo alitafuta njia. Sheria ilisema wanachama wahudhurie, haikusema wawe wangapi mwilini. Ikakubaliwa kwamba Bi Mwasiti anaweza kukaimu.

Niliona kikao kimoja cha namna hiyo, nilipompeleka Bwana Tenga kwa kuwa baiskeli yake iliharibika. Mkeka uleule, mpana, mtu mmoja kakaa pembeni mahali pake pa siku zote, hakusogea katikati. Fulana nne zimetandikwa, kila moja mahali mwenyewe alipokuwa akikaa. Bi Mwasiti akasimama akafungua kikao. Akaita majina. Akiita jina anakaa penye fulana ile, anaitikia "Nipo," ananyanyuka, anarudi kuita jingine. Bwana Tenga anatikisa kichwa kuthibitisha kila mmoja. Alipofika kwa Havijawa alikaa muda mrefu kidogo kuliko kwa wengine.

"Nipo," akasema, kwa sauti isiyokuwa yake.

Nikaenda kuangalia upepo wa tairi. Tairi lilikuwa zima.

Sufuria ile hakupikia tena. Angeinyanyuaje? Alikaanga vibagia barabarani, akalipa deni la watano kidogo kidogo, mpaka likaisha. Siku lilipoisha alimkimbilia Bwana Tenga, kifua kinapiga mluzi. "Sasa nirudishe mlango?"

"Hongera sana, mama. Sasa inabaki idhini ya Waziri tu, kikao kifungwe na mlango urudi."

*

Mheshimiwa alikuja mwenyewe, kwa sababu Kidulu ilikuwa imeongoza taifa zima. Mahudhurio kamili tangu kikundi kianze kuinuliwa. Hakuna ugomvi hata mmoja. Uongozi haujawahi kupingwa.

"Katika vikundi vingine," alihutubia, akiwa chini ya turubai la akina mama wale wale, "ninakuta kelele! Huyu anasema, yule anacheka, wa tatu anamsema aliyechelewa! Hapa Kidulu nimekuta utulivu. Na utulivu ndio mama wa maendeleo, na maendeleo ndiyo baba wa utulivu, na mimi, ndugu wananchi, ndiye mshenga wao!"

Bendi ikapiga. Akamkabidhi Bi Mwasiti zawadi, sufuria mpya inayong'aa, kubwa kuliko ile ya zamani mara mbili, yenye vishikio vinne.

"Una neno, mama?"

Bi Mwasiti alikuwa amevaa fulana zote tano, moja juu ya nyingine, kwa maelekezo ya itifaki. Jasho lilimtoka. "Mheshimiwa, naomba ruhusa nimrudishie mwenzangu mlango wake. Ni huo tu. Nimekaa nao sana. Usiku nikiutazama naona kama yuko nyuma yake."

Mheshimiwa akatoa leso. Nimemwendesha miaka mingi, sijawahi kumwona akitoa leso bila wapiga picha kuwa tayari, na kweli walikuwa tayari.

"Mlango!" alisema, sauti ikimtetemeka. "Mmesikia? Mama huyu hakuomba fedha. Ameomba mlango! Mlango wa nini, ndugu zangu? Mlango wa fursa! Basi mlango huu hauwezi kubaki huku vumbini. Naagiza ukawekwe makao makuu ya Wizara, ili kila anayeingia ofisini kwangu apite katika mlango wa mwanamke wa kawaida!"

Makofi yakapigwa mpaka turubai likacheza. Bi Mwasiti alisema kitu lakini bendi ilikuwa imeshaanza. Mlango ulitolewa chumbani na vijana wa itifaki, nikaufunga mimi juu ya gari kwa kamba. Nilikaza vizuri, maana barabara ziko kwenye mpango. Bi Mwasiti alisimama kando ya tairi la nyuma akaushika ukingo wa ule mlango mpaka gari lilipoanza kwenda.

*

Mlango umewekwa, umepakwa rangi ya dhahabu. Siku ya kwanza ulilia Mheshimiwa alipoingia, akakereka, bawaba zikatiwa mafuta. Sasa hausemi kitu.

Nilitumwa tena Kidulu kupeleka picha ya Mheshimiwa akilia, ikiwa ndani ya fremu. Nilimkuta Bi Mwasiti juu ya kigoda anang'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Dereva," alisema bila kunitazama, "Mkalole unapajua?"

Gari la serikali haliruhusiwi kubeba abiria. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba haliruhusiwi kubeba mlango, na mlango ulikuwa na mtu wake. Tukaenda.

Bi Havijawa tulimkuta uani kwa kaka yake, anachambua mchele kwenye ungo. Hakusimama. Alimtazama mwenzake, akautazama mlango ambao tuliushusha na kuuegemeza kwenye mpapai.

"Karibuni," alisema, kama anavyoambiwa mgeni wa mbali. "Karibu, Bi Mwenyekiti."

"Nimekuletea mlango, Havijawa."

"Huu si wangu."

"Wako kauchukua Waziri. Huu ni wangu."

Mchele uliendelea kupepetwa. "Ulikuwa unaimba," alisema Bi Havijawa. "Siku ile. Umebeba mlango wa mume wangu kichwani, unaimba."

"Nilifurahi utakuja kulala kwangu. Nilidhani ukikosa mlango utakuja. Kitanda nilikiacha, cherehani nimeiacha, nikasema nitoe kile kitakachokuleta."

Ungo ukasimama. Jogoo akaja akadokoa mchele, na Bi Havijawa hakumfukuza.

"Mbona hukuniambia?"

"Kikao kilikuwa wazi."

"Na kesho yake? Na miezi yote hii?"

"Hakikufungwa, Havijawa. Mpaka leo hakijafungwa." Hapo Bi Mwasiti akaanza kulia, bila leso. "Naita jina lako kila wiki. Naitikia mwenyewe."

Mimi nilijidai nakagua kioo cha pembeni.

"Basi kifunge," alisema Bi Havijawa.

Bi Mwasiti alijifuta uso kwa kiganja. Akasimama wima mbele ya mpapai, kama alivyofundishwa. "Nafunga kikao," alisema. "Kuna anayeunga mkono?"

"Naunga mkono."

Walitazamana. Nikadhani sasa watakumbatiana, hata nikafungua mlango wa nyuma wa gari ili abiria wawili wapate nafasi. Hawakukumbatiana. Bi Havijawa aliweka ungo chini, akachechemea mpaka kwenye ule mlango, akashika upande wake. Bi Mwasiti akashika upande mwingine. Hawakuhesabu. Mlango ulipanda juu ya gari mwepesi kama kipande cha kanga.

"Rudi nao," alisema Bi Havijawa. "Una kifua, usilale wazi."

"Na wewe utarudi lini?"

Bi Havijawa alikuwa anakunguta mikono vumbi. "Nirudi wapi, Mwasiti? Nyumba yangu haina mlango."

Akarudi kwenye ungo wake. Alituambia tuende salama.

Tulifika Kidulu giza limeingia, nikamsaidia kuupachika mlango, nikalala ndani ya gari kwa sababu mafuta ya kurudia yalikuwa yanasubiri saini. Ripoti ya robo mwaka inasema kikundi cha Kidulu kimefunga kikao chake kwa kauli moja, na ni kweli.

Alfajiri niliamshwa na mlango wa Bi Mwasiti. Ulilia kwa ile sauti yake nzito. Akatoka, akasimama kizingitini na kanga mabegani, akageuzia sikio ile nyumba iliyo wazi ng'ambo ya ua. Akasimama hivyo mpaka kukapambazuka. Mimi nilitazama mbele, kama dereva anavyotakiwa.